Natembea kilomita 2 tu kwenda kazini, mbona oili imekuwa kama uji?

SWALI: Fundi habari za kazi. Mi ni mwalimu niko Njombe mjini, natumia Vitz ya cc 1000. Kutoka nyumbani mpaka shule ni kama kilomita 2 na mchana narudi kula, kwahiyo kwa siku ni safari nne. Oili nilimwaga miezi 14 iliyopita na mpaka sasa nimetembea kilomita 2,900 tu, nilipanga nimwage ikifika 5,000. Juzi nimefungua mfuniko wa kuwekea oili nikakuta ute mzito wa rangi ya maziwa, kama uji wa ngano. Fundi wa hapa mtaani kasema gasketi ya silinda hedi imeungua, hedi ifunguliwe. Nimeogopa sana, nifanyeje?

JIBU: Salama mwalimu, na pole kwa huo mshtuko. Usifungue hedi kwanza. Inawezekana fundi wako yuko sahihi, lakini uji ukiwa kwenye mfuniko peke yake haitoshi kusema gasketi (ile inayozuia maji ya kupozea injini yasichanganyike na oili) imeungua, na kwa matumizi uliyoyaeleza mi ningeshangaa kama usingeuona, hasa kama ni miezi hii ya Juni na Julai na baridi ya huko kwenu.

Hizo kilomita 2,900 unaziona chache, ila piga hesabu. Safari nne kwa siku, siku 26 kwa mwezi, miezi 14, ni safari zaidi ya 1,400, na karibu zote injini umeiwasha ikiwa ya baridi ukaizima kabla haijapata moto. Mtu anayetoka Njombe kwenda Makambako, kilomita kama 60 hivi, hizo 2,900 anazimaliza kwa safari 48. Gari ni hiyo hiyo na oili ni hiyo hiyo, ila ya kwako imeteseka kuliko ya kwake kwa mbali.

Sasa huo uji unatoka wapi. Petroli ikiungua inatoa maji, yani ukichoma lita 1 unapata karibu lita 1 nzima ya maji ila yanatoka kama mvuke, ndo yale matone unayaona asubuhi yanadondoka kwenye bomba la ekzosti. Mengi yanatokea huko nyuma, lakini kidogo kinapenya pembeni ya ringi za pistoni kinashuka kwenye sampu kule oili inakokaa. Injini ikichemka vizuri hayo maji yanageuka mvuke tena, vavu ya PCV (ile ya kutoa mvuke ndani ya injini) inaufyonza unarudi kuchomwa na mambo yanaisha. Injini isipochemka yanabaki humo humo. Na ule mfuniko uko juu, unapigwa na baridi, kwahiyo mvuke ukifika pale unageuka matone kama chini ya mfuniko wa sufuria ya maharage, yakichanganyika na oili ndo uji wako.

Ila uji mi haunitishi sana kama petroli. Injini ikiwa ya baridi kompyuta ya gari inamwaga petroli nyingi zaidi ili iweze kuwaka, nyingine haiungui, inaosha oili kwenye kuta za silinda na kushuka chini. Oili inakuwa nyepesi inapoteza utelezi. Chomoa dipstiki asubuhi uinuse, harufu ya petroli ikikupiga puani ujue imeingia nyingi, na kama kiwango kimepanda juu ya alama ya F (imejaa) wakati hujaongeza kitu ndo kabisa. Kuna watu wanafurahi kwamba gari yao haili oili hata tone, kumbe oili inapungua taratibu na petroli na maji vinajaza nafasi yake. Alafu maji yakikutana na uchafu wa moto wa petroli yanatengeneza asidi, zile dawa zilizowekwa kwenye oili za kupambana nayo zinaisha, na hapo kilomita hazikuambii chochote.

Mwaka jana nilifungua kava ya tapeti, ule mfuniko mkubwa wa juu ya injini, ya gari dogo la mama mmoja, matumizi kama yako, taa ya oili ilikuwa inamulika injini ikiwa sailensa, yani inaunguruma bila kukanyaga mafuta. Nilipitisha kidole nikatoka na kitu cheusi kizito kama lami, na tuliposhusha sampu lile chujio dogo la pampu ya oili lilikuwa limezibwa nusu nzima. Kwenye kilomita gari halikuwa limetembea kitu.

Usidanganywe na ile taa ya bluu kwenye dashibodi. Ikizima inamaanisha maji ya rejeta yameanza kupata moto, sio oili. Oili inachelewa sana nyuma ya maji, kwa kilomita 2 haifiki hata kwa bahati. Na kuiwasha ikaunguruma dakika kumi pale nje haisaidii, injini isiyo na mzigo inachemka polepole na muda wote huo inamwagiwa petroli ya ziada. Washa, subiri kama nusu dakika, ondoka taratibu bila kukanyaga mafuta sana.

Kitu ninachotaka ukague kabla ya vyote ni themostati. Hapa naongea kwa uchungu kabisa kwa sababu mafundi wenzangu wengi wanaing'oa, eti nchi zetu zina joto, haina kazi. Ina kazi! Inazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, kwahiyo ukiing'oa injini haichemki, kompyuta inaendelea kudhani ni baridi, petroli inaliwa, oili inaharibika. Kwa Njombe na safari za kilomita 2 ni kuua injini. Kuipima: gari likiwa limelala usiku, liwashe ushike lile bomba la juu la rejeta (mkono uwe mbali na feni). Libaki la baridi dakika kadhaa kisha lipate moto ghafla. Likianza kupata uvuguvugu toka mwanzo, kidogo kidogo, huenda themostati haipo au imekwama wazi, fundi aikague. Ikiwa ni hivyo weka mpya.

Kuhusu gasketi, asubuhi injini ikiwa ya baridi weka alama ya kalamu kwenye chupa ya kulanti (maji ya kupozea injini) na uhakikishe rejeta imejaa. Futa uji wote kwenye mfuniko kwa kitambaa. Mwaga oili na ubadilishe filta, injini ikiwa imetoka kutembea ili uchafu ushuke nao, weka 5W-30 na sio ile nzito ya 20W-50 wanayopenda kuuza, na hiyo injini yako inachukua lita 3 na kidogo kwahiyo usikubali imiminiwe galoni nzima ya lita 4. Jumamosi nenda nayo Makambako na kurudi. Ukirudi fungua mfuniko.

Ukiwa msafi au una kidogo tu, kulanti iko palepale na dipstiki haina rangi ya maziwa, kuna uwezekano mkubwa gasketi yako ni nzima. Kuanzia hapo mwaga oili kila miezi sita hata kama umetembea kilomita 1,200 tu, na angalau mara moja kwa wiki ipe safari ya nusu saa au zaidi bila kuzima, hata ukiunganisha soko na kanisa kwenye mzunguko mmoja. Ila kulanti ikiwa imepungua, au dipstiki yenyewe ina rangi ya chai ya maziwa, au moshi mweupe hauishi hata gari likiwa la moto, usiliwashe tena, livutwe mpaka gereji, hapo hedi itafunguliwa kwa haki.