Jibu: Nianze na Kipali au Kisanskriti?

Ndugu, umeuliza uanze na lugha ipi kati ya hizi mbili za kale za India zilizobeba maandiko ya Kibudha, na kama ni lazima uwe mtawa ndipo usome Ubudha Sri Lanka. La pili ni jepesi: si lazima. Chuo Kikuu cha Kelaniya, kwa mfano, kilitokana na shule ya watawa ya Vidyalankara iliyoanzishwa 1875, kikawa chuo kikuu 1959, na walei wanasoma humo bega kwa bega na watawa.

Kuhusu lugha, mimi ningeanza na Kipali. Nomino zinabadilika mwisho kufuata kazi yake kwenye sentensi, lakini idadi ni mbili tu: devo ni mungu mmoja, devā ni wengi. Kisanskriti kinaongeza umbo la wawili, devau, halafu maneno yanayofuatana yanaungana: na asti huandikwa nāsti. Ukurasa mmoja wa kwanza utakutoa jasho!

Ila ukitaka kusoma maandiko ya Mahayana, mojawapo ya matawi makubwa ya Ubudha, Kisanskriti hukikwepi. Kipali ni cha Tipitaka, yaani mkusanyo wa maandiko matakatifu ya Theravada, tawi la Ubudha linalofuatwa Sri Lanka na Thailand.

Jambo wengi hawaambiwi: Kipali hakina hati yake, yaani herufi zake chenyewe. Huko Sri Lanka huandikwa kwa hati ya Kisinhala, lugha ya huko, na Thailand kwa hati ya Kithai. Matoleo ya Pali Text Society, chama kilichoanzishwa 1881, yako kwa herufi za Kirumi, kwa hiyo unaweza kuanza hata leo. Shika Dhammapada, kitabu cha beti za mafundisho ya Buddha; beti zake ni fupi. Kisinhala utajifunza ukishafika.