Unataka kesi kubwa? Anza na ukurasa wa mwisho wa kiapo

Kila wanapoapishwa mawakili wapya, napokea ujumbe wa aina moja: "Dada, nifanyeje na mimi nifike kwenye kesi kubwa?" Wadogo zangu hawa wamemwona wakili kwenye runinga akitoka Mahakama Kuu, vinasa sauti vimemzunguka. Nawaelewa, maana hata mimi nilivutwa na hicho hicho. Ila kabla ya kujibu huwa nawasimulia habari ya mama mmoja wa Mbagala.

Nilikuwa mwaka wa pili kwenye uwakili. Alikuja ofisini kwetu Kariakoo na karatasi zake kwenye mfuko wa rambo. Alikuwa anatolewa kwenye nyumba aliyojenga na marehemu mumewe. Nilikesha nikiandaa maombi ya zuio chini ya hati ya dharura, yaani kuiomba mahakama izuie haraka asitolewe. Hoja zilikuwa nzuri, mpaka leo naamini hivyo. Siku ya kusikilizwa, wakili wa upande wa pili akasimama na pingamizi la awali, yaani hoja ya kuyaondoa maombi kabla hayajasikilizwa: pale chini ya kiapo, yale maelezo ya maandishi ambayo mama aliyaapia, kamishna wa viapo amegonga muhuri na kusaini, lakini hakuandika kiapo kilichukuliwa wapi. Sheria inataka mahali na tarehe. Mheshimiwa Jaji akaniuliza kama nina la kusema. Sikuwa nalo. Maombi yakaondolewa mahakamani kwa kukosa neno "Dar es Salaam", neno ambalo mimi nilipaswa kuliona.

Tukafungua upya, lakini dalali aliyetumwa kumtoa mama alikuwa ameshatoa vyombo nje. Mama alinipigia akiwa amekaa juu ya godoro lake barabarani. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Sasa mwanangu, tunafanyaje?"

Tangu siku ile kila hati naisoma kuanzia ukurasa wa mwisho. Ni kweli, marekebisho ya sheria ya 2018 yalielekeza mahakama zitazame haki kuliko ufundi wa taratibu, na majaji wengine husamehe kosa kama lile. Usiende kuijaribu huruma hiyo kwa nyumba ya mtu.

Kesi kubwa nazo hubebwa na kazi hiyo hiyo, tena kwa miaka. Chukua ya mgombea binafsi, yaani ya kutaka mtu aruhusiwe kugombea uongozi bila kupitia chama. Mchungaji Mtikila alifungua shauri Dodoma mwaka 1993, Jaji Lugakingira akampa ushindi 1994, Bunge likabadili Katiba kuzuia jambo hilo. Akarudi mahakamani 2005, akashinda tena Mahakama Kuu, kisha mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema jambo hilo ni la Bunge. Ni mwaka 2013 ndipo Mahakama ya Afrika pale Arusha ilipotamka kwamba haki zake zilivunjwa. Hiyo ni miaka 20! Ninaposoma mtiririko ule nawaza majalada: nani alitunza nakala za hukumu, nani alihesabu siku. Kwenda Mahakama ya Rufani kwa shauri la madai una siku 30 za kutoa taarifa ya rufaa, kisha siku 60 za kuileta rufaa yenyewe. Zikikupita, hoja nzuri inabaki mezani kwako.

Halafu kesi kubwa wala haihitaji mteja tajiri. Vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971 viliruhusu binti aolewe na miaka 15. Sote tulivisoma chuoni, tukavijibia mtihani, tukapita. Rebeca Gyumi, akiwakilishwa na wakili Jebra Kambole, alivipeleka Mahakama Kuu, na mwaka 2016 vikatamkwa kuwa vinapingana na Katiba. Serikali ikakata rufaa, ikashindwa 2019. Vilikuwa kwenye kitabu kwa miaka 45. Hilo huniumiza kila nikilikumbuka.

Kuhusu waandishi wa habari: watajie tarehe kesi inapokuja tena, uondoke.

Na siku ambazo huna shauri, nenda mahakamani hivyo hivyo. Muulize karani wa masjala ni kesi gani leo inasikilizwa ushahidi, usipoteze asubuhi kwenye zile za kutajwa, ambazo hupangiwa tarehe tu. Kaa benchi la nyuma na daftari. Wakati wa maswali ya dodoso, yale ambayo wakili humuuliza shahidi wa upande wa pili, muache shahidi, mwangalie wakili: ana karatasi gani mkononi, ameifungua ukurasa gani, na amesubiri kiasi gani kabla ya kuuliza.