Jibu: Vibao vya Dolly Parton vya kumwekea mzee kwenye flashi

Dada, umesema baba yako anatimiza miaka 70 mwezi ujao, ujana wake wote alikuwa mtu wa Dolly Parton, na unataka kumjazia nyimbo kumi kwenye flashi ya gari. Ukauliza kama inatosha kuchukua tu zilizofika namba moja. Nakuomba usifanye hivyo. Nilirekodi na kuuza kaseti pale Nyahururu kwa miaka tisa, na kati ya waimbaji wote wa kantri, ule muziki wa mashambani wa Wamarekani, Dolly na Jim Reeves ndio waliokuwa wakinilipia kodi ya kibanda. Nasema nilichokiona.

Nyimbo zake zilizofika namba moja kwenye chati ya kantri ya Billboard, jarida la muziki la Marekani, ni 25. Ya kwanza ni Joshua, mwanzoni mwa 1971, na ya mwisho aliimba na Brad Paisley, ikafika kileleni 2006. Ukichota kumi humo bila kuchagua, utapata nyimbo nzuri ambazo huenda mzee wako hata hazikumbuki, na utaikosa Coat of Many Colors, yaani koti la rangi nyingi. Hiyo iliishia namba 4.

Namba 4! Na kibandani kwangu hakuna wimbo wake ulioulizwa kama huo. Wengi hawakujua hata unaitwaje. Walisema, "Nirekodie ile ya koti." Dolly alizaliwa 1946 kwenye milima ya mashariki mwa Tennessee, mtoto wa nne kati ya kumi na wawili, na wimbo ni habari yake mwenyewe: mama anamshonea koti kwa viraka, huku akimsimulia habari za Yusufu wa kwenye Biblia, mtoto anakwenda nalo shule akijiona tajiri, wenzake wanamcheka. Aliuandika 1969 wakiwa safarini ndani ya basi la Porter Wagoner, mwimbaji aliyekuwa akiimba naye. Maneno yalipomjia hakuwa na karatasi, akayaandika kwenye risiti ya dobi ya suti za Porter. (Sisi tuliolelewa na Biblia ya Union tunaijua ya Yusufu kama "kanzu ndefu" tu, rangi hazimo. Wateja wangu wengi rangi za lile vazi walizijulia kwa Dolly.)

Siku moja alikuja mzee mmoja kutoka upande wa Ol Kalou, wiki ya kumzika mama yake. Alitaka kaseti ya dakika 60, wimbo huo peke yake, pande zote mbili, ili usikatike njiani kutoka mochari hadi nyumbani. Enzi hizo kurekodi ni kusubiri wimbo uimbe mpaka mwisho. Niliurudia mara tisa upande wa kwanza, nikageuza, nikarudia tena mara tisa. Yeye alikaa juu ya kreti ya soda saa nzima bila kusema neno. Alipoondoka nilikuwa nimeukariri mpaka mahali anapovuta pumzi, na mpaka leo sijauchoka. Kwa hiyo huo hauwezi kukosekana.

Sasa tuje Jolene. Ilitoka mwishoni mwa 1973 na kufika namba moja ya kantri Februari 1974, ila kwenye chati kuu ya Marekani ilikwama namba 60. Uingereza walichelewa kuipata, ikafika namba 7 mwaka 1976. Ukiangalia chati kuu pekee ungesema wimbo huu haukwenda popote! Chanzo chake kilikuwa karani wa benki mwenye nywele nyekundu aliyekuwa akimchangamkia mno mumewe, Carl Dean, walipokuwa wamefunga ndoa karibuni. Jina lenyewe alilipata kwa binti mdogo aliyekuja kumwomba sahihi baada ya onyesho. Ninachokipenda ni kwamba hamtukani yule mwanamke. Anamsifu uzuri, anamsihi amwachie mume wake. Sisi tuliozoea nyimbo za mke mwenza tunajua vile mambo hayo huimbwa kwa mafumbo na vijembe. Huyu anakwenda mikono mitupu.

Anasema hiyo na I Will Always Love You aliziandika karibu wakati mmoja. Hapa pana jambo lililonigombanisha na kijana mmoja mwaka 1993, wakati kila matatu ilikuwa ikipiga ya Whitney Houston. Aliniambia huyu mzungu kaiba wimbo wa Whitney. Nilimwonyesha jina la mtunzi kwenye karatasi ya kaseti ya Whitney mwenyewe: D. Parton. Akanyamaza, akanunua zote mbili.

Wimbo ule hakumwandikia mpenzi. Tangu 1967 alikuwa akiimba kwenye kipindi cha televisheni cha Porter Wagoner, akataka kuondoka asimame peke yake, Porter hakutaka kumwachilia. Akaingia ofisini kwake akamwimbia. Ulifika namba moja ya kantri 1974, na alipourudia kwa ajili ya filamu mwaka 1982 ukafika tena. Elvis Presley aliutaka pia, lakini meneja wake alidai nusu ya haki za utunzi, na Dolly akakataa, ingawa anasema alilia usiku kucha. Whitney alipouimba 1992 ukakaa kileleni wiki 14, na haki za mtunzi zilikuwa bado mikononi mwa aliyeuandika. Kwa mzee weka ule wa 1974. Ni mfupi, sauti iko karibu kama mtu anayeaga mlangoni.

Wa tatu wa miaka hiyo ni The Bargain Store, namba moja 1975. Mwanamke anajilinganisha na duka la mitumba: vitu vimetumika, moyo umewahi kuvunjika, lakini mwenye nia ya kweli ataona bado vinafaa. Baadhi ya vituo vya redio kule vilikataa kuupiga wakidhani una maana chafu. Akina mama wa mitumba pale sokoni hawakuhitaji kuelezwa chochote. Usiuache, hata kama rafiki zako watasema hawaujui.

Kuanzia hapo anaanza kuvuka kwenda pop. Here You Come Again ya 1977 hakuitunga yeye. Ni ya Barry Mann na Cynthia Weil. Ilikaa namba moja ya kantri wiki tano na kufika namba 3 chati kuu. Aliogopa watu wa kantri watasema amewakimbia, akaomba kiongezwe kile kigitaa cha kulazwa kinacholia kwa kuvutika, ili akiulizwa awe na cha kuwaonyesha. Kisikilize, kipo. 9 to 5, aliyoitungia filamu ya 1980 alimoigiza yeye mwenyewe, ndiyo yake ya kwanza kushika namba moja chati kuu, 1981; mdundo wa taipureta aliupata kwa kugonganisha kucha zake. Halafu Islands in the Stream ya 1983, iliyotungwa na wale ndugu wa kundi la Bee Gees. Kenny Rogers alisimulia kwamba alikuwa ameuimba peke yake siku kadhaa hadi akauchoka, Dolly alipoingia studio ukawa wimbo mwingine. Huo baba yako ataimba sauti ya Kenny, nakuhakikishia, na mama akiwepo atapokea.

Hizo ni saba. Ongeza Joshua, Love Is Like a Butterfly ya 1974, na My Tennessee Mountain Home. Hiyo ya mwisho haikupita namba 15, lakini mtu aliyekulia kijijini akahamia mjini atakuelewa ulichomfanyia.

Mpangilio: usizipange kwa mwaka. Zile za 1977 hadi 1983 ziweke katikati, pale safari inapochangamka. Coat of Many Colors iwe ya mwisho, maana baada yake watu hutaka kimya kidogo. Jolene iwe ya kwanza. Gitaa lake linaanza peke yake kabla ya sauti, na sekunde hizo chache zitamtosha mzee kuutambua.