Kwa nini mashine ivunje jiwe, kisha ishindwe na nondo?

SWALI: Jambo, Injinia. Nasoma ujenzi hapa Lubumbashi. Nimesoma kwamba kwenye shafti za metro, yale mashimo wima ya kushukia chini, pale mashine ya kuchimba handaki itakapotoboa ukuta, betoni haiwekwi nondo za chuma bali za nyuzi za kioo. Mashine inayosaga mwamba inaogopaje chuma cha milimita 32? Na kama kioo kina nguvu hivyo, mbona wasikitumie ukuta mzima?

JIBU: Jambo, mdogo wangu. Mashine hiyo haikati mwamba, inauvunja. Magurudumu ya kichwa chake yanaubana mwamba yakiviringika mpaka vipande vinabanduka. Jiwe halijui kupinda, ndipo linaposhindwa. Nondo ya chuma inapinda, inavutika, inajisokota kwenye kichwa cha mashine, au kipande chake kirefu kinakwama kwenye parafujo ya kutolea udongo. Hapo watu huingia mbele ya mashine kukata kwa moto, na hiyo ni miongoni mwa kazi za handaki zenye hatari zaidi.

Nondo ya kioo inavumilia kuvutwa, na kwa kawaida hukishinda chuma, lakini ikibanwa na magurudumu hukatika vipande vifupi. Kukatika huko ndiko tunakonunua, na ndiko kunakotusumbua kwenye hesabu. Chuma kikizidiwa hulegea kwanza: ukuta unapinda, nyufa zinafunguka, watu wanatoka. Kioo hakilegei, kinakatika ghafla. Tena ukakamavu wake, yaani jinsi kinavyokataa kurefuka kikivutwa, ni gigapaskali 40 hadi 60, wakati chuma ni 200. Kwa hiyo idadi ya nondo mara nyingi huamuliwa na mpindo wa ukuta na upana wa nyufa, nguvu ikiwa imeshatosha zamani. Na mzigo wa kudumu unakichosha: mwongozo wa Marekani, ACI 440.1R wa mwaka 2015, ulikiruhusu kubeba daima asilimia 20 tu ya nguvu yake. Ndiyo maana tunakiweka kwenye dirisha la mashine peke yake, yaani pale itakapotoboa, juu na chini yake chuma kinaendelea.

Dirisha hilo lizidi kipenyo cha mashine, maana fremu ya nondo ikishuka ndani ya mtaro wenye tope, utakaomiminwa betoni ya ukuta, haikai pale pale ulipochora.

Usitegemee pia kwamba ukuta ukishatobolewa utazuia maji. Nyuma yake udongo uimarishwe kwanza kwa saruji, na kwenye mlango wa handaki iwekwe pete ya mpira. Sisi tuliouona mgodi wa Kipushi ukifurika mwaka 2011 hatuhitaji kuelezwa maji ni nini.

Kinachosahaulika zaidi ni kunyanyua. Nondo ya kioo haichomelewi wala haikunjwi kiwandani mwenu. Umbo la kona linatoka kwa mtengenezaji, na maungio hubanwa kwa vibanio. Kreni ikiinua fremu ndefu kutoka chini, uzito wote wa chuma cha chini unaning'inia kwenye vibanio hivyo, kwa hiyo funga mihimili ya muda ya chuma na uiondoe kabla fremu haijazama. Kisha pitia mchoro tena: mabomba ya kupimia betoni yanayopita dirishani yawe ya plastiki.