Maswali ya Wasomaji: Kugel Tamu ya Tambi kwa Meza ya Sikukuu

Swali: Nimealikwa na familia ya Kiyahudi kwenye mlo wa Rosh Hashana, Mwaka Mpya wao, nami nimeahidi kupeleka kugel tamu, yaani tambi zilizochanganywa na mayai na kuokwa. Maelezo niliyo nayo yanataka siagi, jibini na krimu chachu. Yatafaa?

Jibu: Kabla hujagusa sufuria, uliza kama kutakuwa na nyama. Usiku huo mara nyingi huwapo, na kosheri, yaani sheria za Kiyahudi za chakula, hukataza nyama na maziwa visiliwe katika mlo mmoja. Kuku naye huhesabiwa nyama. Kugel ya jibini, hata iwe imenoga vipi, haitawekwa mezani.

Pika ya parve, yaani isiyo na nyama wala maziwa. Chemsha gramu 340 za tambi pana za mayai, chuja, kisha zichanganye na mililita 80 za mafuta ya kupikia. Pembeni piga mayai 6 na gramu 150 za sukari, kijiko kimoja na nusu cha chai cha mdalasini na nusu kijiko cha chumvi. Kwaruza matufaha 4 kwa upande wenye matundu makubwa, usimwage maji yake, ongeza na gramu 120 za zabibu kavu. Tambi zikipoa changanya vyote, mimina kwenye chombo cha sentimita 23 kwa 33 kilichopakwa mafuta, oka kwa nyuzi 180 za Selsiasi dakika 45 hadi 50. Ukitaka kutumia majarini badala ya mafuta, soma kibandiko, maana nyingine zina maziwa ndani yake.

Kuna jambo jingine ambalo wageni husahau. Familia inayoshika kosheri sawasawa huenda isipokee chakula kilichookwa kwenye oveni isiyo ya kosheri, hata kama viungo vyote ni halali kwao. Waulize bila kuona haya. Ukiambiwa hivyo, jitolee kupika jikoni kwao. Ukifika huko, pasua kila yai kwenye glasi peke yake kwanza: lenye doa la damu hutupwa.

Swali: Nilipika ya maziwa kwa ajili ya Shavuoti. Nilipoikata, maji yalijaa chini ya chombo na ndani ilikuwa na punjepunje kama yai lililovurugwa. Nilikosea wapi?

Jibu: Shavuoti ndiyo sikukuu yake hasa, kwa kuwa ni desturi kula vyakula vya maziwa siku hiyo. Tuanze na vipimo: tambi gramu 340, mayai 6, jibini laini la chembechembe gramu 450, krimu chachu gramu 450, sukari gramu 180, siagi gramu 100, vanila vijiko 2 vya chai, mdalasini kijiko kimoja, chumvi nusu kijiko. Zabibu ukipenda.

Kinachozishika tambi hizi pamoja ni kastadi ya mayai, basi iangalie kama kastadi. Yai likipata moto kupita kiasi hukaza na kukamua maji liliyoyashika; hapo ndipo penye maji yako na punjepunje zako. Huenda ulimimina tambi za moto juu ya mayai, yakaanza kuiva kabla ya kufika ovenini. Zichanganye tambi na siagi zikiwa moto, kisha ziache dakika 10 hadi ukizishika zisikuunguze. Au oveni ilikuwa kali mno. Nyuzi 175 zinatosha, dakika 50 hadi 60. Itoe pembeni pakiwa pameshika na katikati bado panatikisika kidogo kama jeli. Mwenye kipimajoto cha chakula asome katikati: nyuzi 71 hadi 74. Ukisubiri hadi katikati pawe pakavu kabisa, umechelewa.

Jibini nalo huleta maji. Liweke kwenye chujio dakika 20, litoe majimaji yake. Tambi zitoe jikoni dakika 2 kabla ya muda ulioandikwa kwenye pakiti, kwa sababu zitaendelea kuiva ndani ya kastadi. Usizisuuze: maji ya kusuuzia hubaki yameganda kwenye mikunjo, na wanga unaosaidia kushikamanisha unaondoka nayo.

Halafu usikate mapema. Iache nusu saa nzima. Ikiwa moto kisu huirarua. Ikipoa kiasi vipande husimama vyenyewe, na ukitazama ubavuni unaona tambi na kastadi zimelaliana tabaka kwa tabaka.

Swali: Tambi za juu zinakuwa ngumu kama nyaya.

Jibu: Zimechomoza nje ya kastadi. Zikandamize kwa mgongo wa kijiko hadi zizame, kisha funika kwa karatasi ya foili kwa dakika 30 za kwanza. Tunapenda sana tabaka la konifleksi: vikombe 2 vilivyopondwa kidogo, vijiko 3 vikubwa vya siagi iliyoyeyushwa na vijiko 2 vya sukari, unanyunyiza mara tu unapoondoa foili.

Swali: Spageti zitafaa?

Jibu: Hapana. Huteleza na kastadi haizing'ang'anii. Tambi nyembamba zina kugel yake, ile ya Jerusalem, ya sukari iliyounguzwa na pilipili manga.

Swali: Na wakati wa Pasaka yao?

Jibu: Tambi za ngano ni hametsi, yaani chakula cha nafaka iliyochachuka, nazo zimekatazwa siku zote za Pasaka. Wengi huweka matza, mkate usiochachuliwa, iliyovunjwa na kulowekwa, lakini ziko familia ambazo haziloweshi matza siku hizo; kwao pika kugel ya viazi.

Swali: Naweza kuipika mapema?

Jibu: Ndiyo, na sikukuu ikiangukia Sabato huna budi: iwe imeshaiva kabla jua la Ijumaa halijazama. Hukaa kwenye friji siku 2 bila kupoteza ladha. Siku nyingine, ipashe ikiwa imefunikwa, nyuzi 160, dakika 25. Ya konifleksi iokwe bila tabaka lake; liongeze wakati wa kupasha, na umalizie dakika 10 bila kifuniko.