Kobe wangu ameota vichuguu mgongoni: nimpake mafuta?

Swali: Daktari, habari za kazi. Nina kobe wa madoa wa miaka miwili, gamba lake lina urefu wa sentimita 13. Analala kwenye sanduku la mbao lenye maranda, na juu yake nimeweka balbu ya wati 60 inayowaka usiku na mchana. Nje anatoka wikendi tu. Anakula nyasi, mchicha na kabichi. Sasa kila kigae cha gamba kinainuka kama kichuguu. Muuza dawa za mifugo ameniambia nimpunguzie protini, nimpake mafuta ya nazi, na amejitolea kumchoma sindano ya vitamini. Najua kobe hawa ni wa Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, kwa hiyo nimejitahidi kumweka pakavu. Nimekosea wapi? — Msomaji, Mbale

Jibu: Hapo hapo kwenye “nimejitahidi kumweka pakavu”.

Hili la ukavu nakutana nalo kila mara, na linatoka kwa watu wenye nia njema. Ni kweli Karamoja ni kukavu, lakini kobe mchanga haishi kwenye hiyo hewa unayoiona wewe ukiwa umesimama. Anajibanza kwenye mashina ya nyasi, chini ya vichaka na kwenye mashimo, ambako udongo una unyevunyevu, na hukua zaidi majira ya mvua, majani yakiwa mabichi. Wewe umemchukua ukamweka juu ya maranda, ambayo kazi yake ni kunyonya maji, kisha ukamwashia balbu saa 24. Huko ni kumkausha kama samaki.

Gamba hukua kwenye kingo za kila kigae. Pale penye mstari mweupe kati ya kigae na kigae ndipo ukucha mpya, yaani tabaka la nje la gamba, unapotoka, ukiwa laini. Ukikauka haraka, unakakamaa na kukunjika kuelekea chini badala ya kutanda, na mfupa ulio chini yake unafuata umbo hilo. Katikati ya kigae panabaki juu, kingo zinazama. Balbu inayochoma mgongo kwa karibu inaharakisha ukaukaji huo.

Kuhusu protini: mwaka 2003 watafiti Wiesner na Iben walichapisha matokeo ya kulea makobe wachanga wa jamii ya Saheli kwa viwango tofauti vya protini na vya unyevu. Waliolelewa pakavu ndio walioota vichuguu virefu. Mchango wa protini ulikuwa mdogo. Hiyo si ruhusa ya kumpa maharage au chakula cha kuku, maana figo zake hazikuumbiwa hivyo, lakini kumnyima chakula hakutasawazisha gamba.

Toa maranda yote. Weka udongo safi usio na mbolea wala dawa, kina cha sentimita 8 hadi 10. Maji yamimine kwenye pembe za sanduku ili chini pawe pabichi na juu pawe na unyevu kidogo tu. Juu pakiwa tope, gamba la tumbo litaoza. Lalisha beseni la plastiki kifudifudi, likate mlango, ndani ujaze moss (mimea midogo laini inayotanda penye unyevu) au nyasi mbichi: hapo ndipo atakapolala. Nunua kipima unyevu; ndani ya beseni kisome asilimia 70 hadi 80. Funika robo tatu ya sanduku kwa plaiwudi. Balbu ihamie upande mmoja, iwake mchana tu. Usiku joto lisishuke chini ya nyuzi 22, kwa sababu unyevu pamoja na baridi huleta nimonia, na Mbale baridi ya Mlima Elgon mnaijua.

Mwogeshe mara tatu kwa wiki, dakika 15 hadi 20, kwenye maji ya vuguvugu yanayofika pale gamba la juu linapokutana na la tumbo. Jua apate kila siku, saa moja au mbili, penye kivuli cha kukimbilia. Jua la kupita kwenye kioo halihesabiki, na usimwache ndani ya beseni juani: atakufa kwa joto. Kabichi punguza. Mpe nyasi za aina nyingi, kishona nguo, majani na maua ya haibiskasi, na unga wa maganda ya mayai, kidogo tu, mara mbili kwa wiki.

Vichuguu vilivyokwisha ota havitashuka. Unachotafuta ni ule mstari mweupe. Baada ya miezi miwili au mitatu pitisha ukucha wa kidole gumba juu yake: ukiteleza bila kuzama mferejini, umeshinda. Gamba likibonyea ukilikandamiza, huo ni ugonjwa mwingine wa mifupa. Mpeleke kwa daktari wa wanyama.

Sasa huyo muuza dawa. Mafuta ya nazi hung'arisha gamba na kukusanya vumbi, basi. Wengine hupiga msasa vichuguu hivyo: chini ya ukucha kuna mfupa hai wenye damu na mishipa ya fahamu. Sindano ndiyo inayonitisha zaidi. Chupa za vitamini A, D3 na E zimepimiwa ng'ombe. Vitamini A ikizidi, ngozi ya kobe huchubuka na kuachia nyama, mara nyingi baada ya wiki moja au mbili, muuzaji akiwa ameshasahau sura yako. Mbaya kuliko yote ni ivamektini, ile ya minyoo na kupe inayochomwa kila mnyama aliyepita mbele ya duka. Kwa kobe ni sumu, na kobe wa madoa ni miongoni mwa wanaoathirika vibaya zaidi: hupooza, kisha hushindwa kupumua.

Kama ameshachomwa, rudi dukani leo upige picha ya lebo ya chupa, uulize ni mililita ngapi, na umpime kobe uzito kwa mizani ya jikoni. Akilegea miguu au akashindwa kurudisha kichwa ndani, mpeleke kwa daktari saa hiyo hiyo. Usisahau kibali cha UWA, mamlaka ya wanyamapori ya Uganda. Kobe wa porini hafugwi bila hicho.