Kuhusu Adabu za Mjukuu Wangu

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeipata. Unauliza kama umlazimishe mjukuu wangu kumwamkia kila mtu mzima, kwa kuwa mama mkwe wako analalamika kwamba mtoto hana adabu, humkazia macho mkubwa anayezungumza naye na kuuliza "kwa nini" kila anapotumwa, ilhali shuleni ndivyo anavyofundishwa kujieleza.

Shikamoo asiiache. Apokee vitu kwa mikono miwili, na akipiga hodi asubiri kuitikiwa. Kuinamisha macho mbele ya mkubwa ndivyo tulivyolelewa sisi, na wazee wengi hadi leo huona kumkazia mtu macho ni ujeuri. Lakini mtoto anayeogopa kututazama huogopa pia kutueleza anapofanyiwa jambo baya, na kwa hilo naungana na walimu wake. Kwa sababu hiyo hiyo asilazimishwe kukumbatiwa wala kupakatwa na mgeni. Salamu ya mdomo inatosha. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 nayo imeyaweka yote mawili pamoja: inampa mtoto haki ya kutoa maoni, na inamtaka awaheshimu wazazi na wakubwa zake.

Linalonikera ni jingine, ambalo hukuliuliza. Mlipokuja likizo ya Desemba, mtoto aliwaamkia wageni wote sebuleni, mmoja baada ya mwingine, wakamsifu sana, kisha akageukia uani na kumpigia kelele dada wa kazi, "Wewe, leta maji!" Dada akaacha vyombo, mikono imejaa povu, akaja na glasi. Nilimwita mtoto nikamtaka aombe upya kwa kusema "naomba", akanitazama kwa mshangao wa kweli akasema, "Lakini bibi, huyo ni dada tu." Mtoto huyu ameshajua kuwapima watu kwa vyeo vyao, na shikamoo anawapa wale tu anaoona wanaistahili.

Basi anzia jikoni. Kila asubuhi kabla ya shule amwamkie dada, chai aiombe asiiagize, na akimaliza akitoe kikombe chake mwenyewe. Nawe na mumeo mwiteni dada kwa jina lake na kumshukuru, maana mtoto anaiga mnavyomwita ninyi. Mama mkwe wako nitazungumza naye mimi, wazee kwa wazee. Wewe usimjibu neno.

Nisalimie nyumbani.

Mama yako